Dakika Mbili Getini

Mwinchande ananyanyua boneti, anaisimamisha kwa fimbo,
hasemi kitu. Ananusa.
Ananusa kama mama aliyeingia mlangoni
akaushuku wali.
"Hapa kuna waya unaungua," anasema.
"Haujafika. Unaelekea."

Ni Februari, Tabata Dampo. Bati la gereji linatanuka,
misumari inalalamika juu ya vichwa vyetu,
na hii Surf ya marehemu baba, ya mwaka tisini na tatu,
imeshuka kutoka Kimara Temboni
mshale wa joto ukipanda kidogo kidogo
kama mgeni anayetaka kuondoka bila kuaga.

Ananionyesha kwa ncha ya bisibisi:
turbo hii hapa, konokono wa chuma,
ukipanda mlima na mzigo huiva ikawa kaa la moto.
Na majirani zake ni nani? Mpira wa breki.
Waya za plagi. Na betri, maskini,
mpangaji aliyepewa chumba nyuma ya tanuri la mikate.
"Palikuwa na ngao. Ona matundu ya bolti.
Mtu aliitoa, ikamchosha kuirudisha, akaitupa.
Sisi mafundi!" Anacheka peke yake.
Anaubonyeza mpira. Umekakamaa,
umepasuka mistari mistari kama kisigino.

Akanituma Gerezani.
Si bati la kuezekea, alinionya,
lile zinki yake ikiungua utaumwa kifua.
Nikarudi na kipande cha mlango wa friji la hoteli,
chuma kisichojua kutu, elfu kumi na nane,
baada ya kuapa kwa majina ya watu wasionifahamu.

Akakata. Akakunja. Akagonga
hadi kikapinda kama goti.
"Kisiguse," akasema. "Ngao ikigusa moto
ni moto wa pili.
Iachie upenyo wa kidole. Kazi inafanywa na hewa,
bati linasimamia tu."

Bomba la moshi akalivisha utepe
tuliouloweka kwenye ndoo tangu asubuhi,
anazungusha, anavuta, anabana kwa waya,
mguu wa mtoto aliyeanguka na baiskeli.
"Ukiwasha mara ya kwanza litafuka.
Usipige kelele. Ni maji yanaaga."

Kisha, akijifuta mikono kwa fulana ya uchaguzi wa zamani:
"Baba yako alikuwa anaizimaje?"

Anaizimaje.

Nina miaka tisa. Taa zinamulika geti,
mbwa anazunguka, mama anafunua sufuria,
na baba hashuki.
Injini inanguruma chini kwa chini,
mikono yake iko juu ya usukani,
dakika moja, mbili, siku nyingine tatu.
Ninahesabu kutoka dirishani.
Kuna kitu humu ndani hataki kukikuta,
na kwa hesabu zangu za darasa la tatu
kitu hicho ni mimi.

"Maana ukizima ghafla," Mwinchande anaendelea,
"mafuta yanasimama, turbo bado ina moto,
yanaungulia ndani, yanakuwa masizi, beringi inakufa.
Lazima uiache ipumue.
Mzee alijua. Miaka yote hii, na turbo ni ileile
iliyoshuka nayo melini!"

Nikatafuta pesa kwenye pochi
muda mrefu kuliko pesa zilizokuwamo.

Jioni, foleni ya Ubungo, lori mbele, lori nyuma.
Mshale umekaa katikati, haupandi.
Harufu ya utepe mpya inaingia kwa dirisha,
nywele mbichi chini ya pasi.
Nikapanda kilima cha Temboni kwa gia ya pili,
nikafika getini, nikashika ufunguo,
nikauachia.

Dakika mbili ni za turbo.
Ile ya tatu sijui ilikuwa ya nani.
Nimekaa, mikono juu ya usukani,
naisubiri.